Kopo la Asali la Bibi Nakunda

Nimeacha kazi mwezi wa nne mwaka huu. Magoti yangu yalikuwa yameacha tangu mwaka jana, mimi nikawa nayaburuza tu. Kwa miaka thelathini na kitu nimefanya kazi majumbani mwa watu, Mwanga, Same na huku milimani, kwanza nikilea watoto wasio wangu, kisha nikitunza wazee wasio wazazi wangu. Ninyi wenzangu mnaokutana Jumapili baada ya ibada, kwenye kile chumba cha nyuma, mliniomba nisimame niwaeleze kazi hii ilivyo. Kusimama mbele za watu sijui. Nikaomba karatasi.

Habari za mishahara sitaandika. Kila mmoja wenu anajua anachopata na anajua kinachotosha. Andikianeni mkataba, mwajiri abaki na nakala yake na wewe yako, siku ya mapumziko iwemo, likizo iwemo, tuendelee.

Kazi ya kwanza niliipata nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilishuka kutoka Msangeni nimevaa viatu vya shangazi, nikafika Mwanga mjini saa tano asubuhi. Mwajiri wangu alikuwa nesi, anaitwa Mama Upendo, na huyo Upendo alikuwa na miezi saba. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha siku nyingi. Alinikalisha kwenye stuli jikoni akaniuliza swali moja tu.

"Umewahi kulea?"

"Ndiyo, mama. Wadogo zangu watano."

"Hao walikuwa wako. Huyu si wako. Utampenda, na bado hatakuwa wako. Unaiona tofauti?"

Nikasema naiona. Sikuiona. Nilikuja kuiona siku Upendo alipokwenda shule ya bweni na mimi nikaona haya kulia mbele ya mama yake.

Siku ile ile aliniachia mtoto na jiko la mafuta ya taa. Kwetu tulipikia kuni. Nilipandisha tambi za jiko hadi mwisho, nikidhani moto mkubwa ndio moto mzuri, na baada ya dakika chache dari lote lilikuwa jeusi. Maziwa nikaenda kuyachemshia kwenye mkaa wa jirani. Jioni Mama Upendo aliingia, akatazama dari, akanitazama mimi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

"Amekula?"

"Amekula."

"Basi dari litapakwa rangi," akasema, akavua viatu.

Huyu ndiye aliyenipa kifaa nilichokitumia kuliko vyote, nacho ni daftari. Alitaka niandike mtoto amekula saa ngapi, amelala saa ngapi, amejisaidia mara ngapi na choo kilikuwaje. Wiki ya pili nikaandika, "Mtoto amekasirika." Akalikata neno kwa kalamu nyekundu.

"Hasira hukuiona," akaniambia. "Uliona nini?"

"Alilia, akawa anavuta sikio la kushoto."

"Basi andika hivyo. Ulichodhani kiache kichwani mwako."

Akamwangalia Upendo sikioni, na kweli, lilikuwa limeanza kutoa usaha. Tangu siku hiyo nimeandika nilichoona. Madaftari yangu yanajaza sanduku zima la bati, na mengi hayana maana kwa mtu yeyote ila mimi.

Niwaambie na tabia yangu moja, maana bila hiyo nisingedumu. Mimi ni mdadisi. Kila nyumba niliyoingia niliiona kama nchi ngeni: wanakula saa ngapi, nani hakai kiti gani, ni jambo gani halisemwi mezani. Kuna nyumba moja ya Same walipaka kikombe changu rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono wake. Wiki nzima nilidhani wamenipambia. Nilipoelewa kwamba ni alama ili wengine wasikitumie, sikukasirika sana. Nilibaki nikijiuliza nani alikaa chini na kichupa cha rangi ya kucha, akafikiria vile, akapaka kwa uangalifu namna ile.

Miaka ikaenda, watoto wakakua, na watu waliokuwa wakiniita nilee watoto wao wakaanza kuniita nitunze wazazi wao. Mzee wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu pale Same, amepooza upande mmoja na hawezi kusema. Kwake nilijifunza kumgeuza mtu mzito kuliko mimi: unakunja shuka mara nne, unaipitisha chini ya mgongo, unavuta shuka, humvuti mtu. Nilijifunza pia kutomzungumza mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo. Siku moja nikawa namweleza mke wake jinsi mzee alivyochafua kitanda, na mzee akagonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. Aligonga mara moja tu, kama alivyokuwa akigonga meza darasani. Nikanyamaza.

Sasa nije Vudee, kwa Bibi Nakunda. Kazi hii sijawahi kuwasimulia yote.

Aliyekuja kunichukua alikuwa binti yake, Neema, mwalimu wa shule ya msingi mjini Same. Mama yake alikuwa amepita miaka themanini, anaishi peke yake kwenye shamba lao Vudee, na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Neema alikuwa na kaka mmoja, Elieza, yuko Dar es Salaam. Neema ndiye aliyenileta, Elieza ndiye aliyeamuru. Alifungua kundi la WhatsApp la watu watatu, akaliita Afya ya Mama, akataka picha ya kila sahani. Nilipiga picha makande mpaka nikayachoka kabla sijayala.

Wagonjwa wangu wengi walikuwa hawawezi kutembea. Bibi Nakunda alitembea kunishinda. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo, lakini miguu ilikuwa ya mtu aliyepanda na kushuka milima maisha yake yote. Tatizo letu lilikuwa lugha. Watu wa mbali hutuita sote Wapare, basi, wakadhani tunaelewana. Mimi ni wa Ugweno na Kigweno changu, yeye ni wa Vudee na Chasu chake, na tulikutana kwenye Kiswahili. Kadiri alivyozidi kusahau, Kiswahili kilimtoka kwanza. Nikabaki najifunza Chasu ukubwani, neno kwa neno, nikiandika kwenye daftari: maji, chumvi, inauma, ondoka.

Kuanzia siku ya kwanza niliona jambo moja. Kila asubuhi, akishamaliza uji, alitandika kanga kitandani. Juu yake aliweka kopo dogo la asali, kitambaa cheupe kilichofuliwa, na kijiko. Alifunga vizuri, akavaa viatu, akatoka kuelekea njia ya kushuka tambarare. Nilipomshika mkono na kumwuliza anakwenda wapi, aliinamisha kichwa, akajibu kwa Kiswahili safi cha haraka.

"Nimechelewa, mama."

Aniite mimi mama, mtu wa umri wa binti yake, na kwa Kiswahili, wakati jana yake alishindwa kuniomba chumvi kwa Kiswahili hicho hicho. Nililiandika hilo, nikalipigia mstari.

Neema nilipomwuliza alisema ni zaidi ya mwaka mama yake anafanya vile. "Ni kutangatanga tu, dada Naomi. Daktari alisema wagonjwa wa namna hii hutangatanga."

Wiki ya tatu alinitoroka. Nilikuwa naanika nguo, nikageuka, hayupo. Nilimtafuta kwenye migomba, nikamtafuta kwa jirani, kisha nikakimbilia kwenye ndiva, lile bwawa la wazee linalokusanya maji ya kumwagilia mashamba, na nikasimama pale ukingoni nikiogopa kutazama. Maji yalikuwa yametulia. Nilimkuta saa sita mchana mbali kule chini, kwenye kona ya barabara, amekaa kwenye jiwe na mama mmoja aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni. Mama yule alimwona akiyumba, akatua mkungu wake, akakaa naye. Kisigino cha Bibi kilikuwa kinatoka damu. Furushi alikuwa amelikumbatia.

Niliandika mwenyewe kwenye kundi, bila kupunguza neno. Mkifanya kosa, semeni ninyi kabla hajasema jirani. Elieza alipiga simu kabla sijaweka simu chini.

"Dada Naomi, pole kwa usumbufu. Nimeshaongea na fundi. Ataweka geti na kufuli, funguo utakaa nazo wewe."

"Kaka, nikimfungia atalipiga hilo geti mpaka mikono ivimbe."

"Na akidondoka korongoni, mimi nitasema nilifanya nini?"

Hakuwa amekosea. Nawaambia hili kwa sababu ni rahisi kumcheka mtu aliye Dar anayeongoza nyumba kwa simu. Alikuwa anamwogopea mama yake, kama mimi nilivyomwogopea siku ile kwenye ndiva.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia. "Sitamwachia mkono. Nitakwenda naye kila asubuhi mpaka achoke, kisha nitarudi naye. Nataka kujua anakwenda wapi."

"Haendi popote, dada. Ni ugonjwa."

"Mtu asiyekwenda popote hafungashi mzigo ule ule kila siku."



"Wiki mbili," akasema. "Baada ya hapo ni geti, au nitafute mtu mwingine wa kumtunza."

Kesho yake tukaondoka pamoja, mimi na Bibi, mkono kwa mkono. Nilimwuliza maswali ya kawaida: unakwenda kwa nani, nyumba iko wapi. Hakujibu. Siku tatu hakujibu. Siku ya nne nikafikiri hivi: mtu huyu ananiita mama, anainamisha kichwa, anasema amechelewa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi mbele ya Mama Upendo miaka ile. Basi nikaacha kumwuliza kama mtunzaji. Nikamwuliza kama msichana wa kazi anavyomwuliza mwenzake wakikutana bombani.

"Dada, leo kule kwenu mnapika nini?"

Akajibu hapo hapo, bila kugeuka. "Uji wa Godi."

Nilikaribia kumwachia mkono. Nilitaka kumwuliza mengine kumi, nikajizuia, maana tayari alikuwa ameanza kutazama kando. Swali moja kwa siku, nikaamua, na kila siku lilileta kitu. Godi ana miaka mitatu. Godi hapendi kuogeshwa. Wanakaa nyumba za reli, Same, na treni ikipita Godi anaziba masikio. Baba anaandika stesheni. Mama anashona nguo za watu kwa cherehani. Wanatoka upande wa Korogwe, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili tu, Chasu hawakijui.

Siku ya tisa nilimwuliza kuhusu asali.

"Dada, asali hiyo ni ya nini?"

"Ya mguu wa Godi. Umeungua na uji."

Akasimama njiani. Machozi yalimtoka bila sauti, akawa anayafuta kwa pindo la kanga, harakaharaka, kama mtu anayeogopa kuonekana.

"Sikuwepo," akasema. "Mama alinituma maji. Niliporudi nikakuta analia. Wakaniambia niondoke. Hawakuniacha hata nimuage."

Nilimpigia Neema mchana huo. "Mwalimu, mama yako aliwahi kufanya kazi ya ndani kwa mtu?"

"Mama? Hapana. Mama ni mkulima. Hajawahi kufanya kazi kwa mtu yeyote."

Nikamsomea daftari. Nilipofika kwenye mguu wa Godi, Neema alinikatiza. Alisema walipokuwa wadogo mama yao hakuruhusu mtoto kukanyaga jikoni kukiwa na sufuria ya uji motoni. Kwa makosa mengine aliwasema tu. Kwa hilo aliwachapa. Na walipokuwa wakishuka naye Same, aliwazungusha njia ndefu ili wasipite karibu na stesheni. "Tulidhani anaogopa treni," akasema Neema.

Siku yangu ya mapumziko nilimwacha Bibi na jirani, nikashuka Same, nikaenda kwenye zile nyumba za zamani za reli. Nilibisha milango miwili ya watu wasiojua lolote. Wa tatu alikuwa bibi aliyeolewa pale akiwa msichana. Alimkumbuka karani mmoja wa Korogwe, mke wake fundi cherehani, na mtoto aliyeungua mguu. Familia ilihamia Mwanga, akasema, na yule mtoto, Godfrey, alipokua akawa fundi redio.

Mwanga nilikuwa na mtu wangu. Nikampigia Mama Upendo, ambaye naye alikuwa ameshastaafu.

"Shikamoo, mama. Unamfahamu fundi redio mmoja hapo, mtu mzima, anaitwa Godfrey?"

"Marahaba, Naomi. Namfahamu, yuko karibu na soko. Redio yangu ameitengeneza mara tatu na bado inakoroma."

"Ana kovu mguuni?"

"Mwanangu, nimekuwa nesi maisha yangu yote, lakini fundi redio simkagui miguu. Kuna nini?"

Nilipomweleza, hakusema lolote kuhusu Godfrey. Alisema tu, "Usiende peke yako. Nenda na mtoto wa huyo bibi. Habari hii ni yao."

Shauri hilo lilikuwa sahihi. Siku ya pili yake, Jumamosi, jirani alikaa tena na Bibi, nami nikaenda Mwanga na Neema. Tulimkuta fundi kwenye kibanda chake, mtu anayekaribia sabini, mnene kidogo, miwani imefungwa kwa waya, redio zimepangwa mpaka darini. Tukamsalimia. Neema ndiye aliyezungumza, na alizungumza vibaya, akirudia maneno, maana alikuwa anaogopa kuonekana mwendawazimu. Fundi Godfrey alisikiliza huku ameshika bisibisi. Neema alipotaja jina la Nakunda, aliiweka chini. Akaegesha mlango, akapandisha suruali. Kovu lilianzia chini ya goti likafika kwenye kifundo, ngozi imekunjamana.

"Mama yangu aliniambia kabla hajafariki," akasema. "Alinipeleka jikoni mwenyewe, akaniacha hapo, akarudi kumalizia nguo ya mteja. Msichana alikuwa ametumwa maji. Baba aliporudi, mama akaogopa, akasema ni uzembe wa msichana. Wakamfukuza jioni ile ile."

"Na wewe ulimtafuta?" Neema akauliza.

"Mama alitaka nimtafute niombe radhi. Sikumtafuta. Nilikuwa na jina moja tu, na akina Nakunda Upare nzima ni wengi. Hicho ndicho nilichokuwa nikijiambia." Akashusha suruali. "Ningeweza kujaribu."

Alikuja Vudee siku ya kumi na tatu kati ya zile kumi na nne nilizopewa. Alivaa koti, na alikuwa ameandika maneno ya kusema kwenye karatasi. Neema alikuwepo. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, na Bibi alikuwa mlangoni na furushi lake, amevaa viatu. Akamwona mwanamume mtu mzima mwenye koti anaingia uwanjani.

Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Bibi wa miaka themanini na zaidi anampa shikamoo mtu anayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Fundi Godfrey aligeuka, akanitazama. Nilielewa kabla yake: Bibi alikuwa amemwona karani wa stesheni, baba yake Godi. Nikamtikisia kichwa kwamba aitikie.

"Marahaba," akasema kwa shida.

"Godi amekula, baba. Uji ameumaliza. Mguu wake unaendeleaje?"

Godfrey akatoa karatasi yake. "Bibi, nimekuja kwa niaba ya mama yangu..." Lakini Bibi hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshafungua furushi pale chini na kufunua kopo. Basi Godfrey akairudisha karatasi mfukoni, akakaa kwenye stuli, akapandisha suruali.

Bibi aliutazama mguu kwa muda mrefu. Haukumshangaza kuwa wa mzee. Alichota asali kwa kijiko, akaipaka kwenye kitambaa, akakipitisha juu ya kovu kuanzia gotini mpaka chini, taratibu, kama mtu anayefuta kioo cha taa.

"Umepona," akasema.

"Umepona kabisa," Godfrey akajibu. "Na halikuwa kosa lako. Ulikuwa umetumwa maji. Mama mwenyewe amesema."

"Nilitumwa maji."

"Ndiyo. Ulitumwa maji. Tunajua sote."

Bibi akafunga kopo. Akasimama, akashika mikono mbele, kichwa ameinamisha.

"Baba, naomba ruhusa. Niende kwetu."

Sikujua Godfrey angesema nini. Hilo hatukuwa tumelipanga, wala sidhani lingepangika. Alinyanyuka kwenye stuli, suruali bado imekunjwa, asali inamchuruzika kifundoni.

"Ruhusa umepata," akasema. "Umemlea vizuri. Asante. Nenda salama."

"Asante, baba."

Akageuka, akaingia ndani ya nyumba yake, akavua viatu. Tukamsikia anamwita Neema kwa Chasu, anauliza kwa nini mpaka saa hizi hakuna aliyebandika maharage.

Nilimsindikiza Godfrey mpaka kwenye gari. Njiani aliniambia, "Simkumbuki, unajua? Hata kidogo. Njia nzima nilikuwa nikisema nitakapomwona nitamkumbuka." Nilimwambia alikuwa na miaka mitatu. Akasema ndiyo, lakini alikuwa ametumaini.

Asubuhi iliyofuata nilivaa viatu mapema nikamsubiri. Alikunywa uji, akakaa juani. Hakutandika kanga. Wala siku iliyofuata, wala baada ya hapo. Sisemi alipona. Ugonjwa uliendelea na njia yake. Mvua zilipoanza alikuwa hamtambui tena Neema siku nyingine. Lakini kushuka Same hakukuwepo tena, na Elieza alimwambia fundi geti lisubiri. Krismasi alikuja mwenyewe, akaniomba nimwonyeshe njia aliyokuwa akipita mama yake. Tulitembea mpaka kwenye ile kona ya barabara. Tuliporudi aliomba daftari, akakaa nalo barazani mchana mzima.

Wapo watakaosema tulimdanganya mgonjwa, na mmoja wenu ameshaniambia hivyo. Nimelifikiria. Mimi ningempa ile ruhusa, ningekuwa nimedanganya, maana haikuwa yangu kuitoa. Neema angeitoa, vivyo hivyo. Godfrey alikuwa ndiye mtu pekee aliyebaki wa nyumba ile. Nadhani yeye aliweza. Nasema nadhani, kwa sababu bado najiuliza.

Bibi Nakunda alifariki misimu miwili ya mvua baadaye, kitandani kwake, alasiri, mimi nikimlowesha midomo. Mimi na Neema tulimwosha. Siku ya pili Elieza alinifuata nyuma ya nyumba, ameshika karatasi na kalamu. Alikuwa anaandika wasifu wa marehemu wa kusomwa kwenye mazishi.

"Dada Naomi, ile kazi yake ya Same niiandikeje? Msaidizi wa nyumbani? Mtumishi?"

"Alikuwa anaitwa nani kule?"

Akafikiri. "Yaya."

"Basi."

Alisoma mwenyewe, mbele ya jeneza, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Fundi Godfrey alikuwa amekaa mstari wa ndugu, na wajukuu zake wawili. Elieza akasoma mahali alipozaliwa mama yake, kipaimara chake, ndoa yake, watoto aliowazaa, akafika kwenye kazi. Akasema marehemu alikuwa mkulima, na kabla ya hapo, akiwa msichana, alikuwa yaya mjini Same, akimlea mtoto mmoja wa kiume ambaye yupo hapa leo. Akatafuta mstari wake kwa kidole.

"Aliacha kazi kwa ruhusa," akasoma.